Baba Aliuliza Abonyeze Wapi

Desemba ya 2017 nilipanda basi la Moshi pale Ubungo, limejaa watu na maboksi hadi kwenye korido, kama yanavyojaa kila mwaka Wachaga wanaporudi nyumbani kula Krismasi. Begi la laptopu nililipakata mapajani njia nzima. Ndani yake kulikuwa na gemu niliyoianza mara mbili chuoni, na mara zote mbili nikaizima kabla ya mwisho. Ilikuwa inagusa mahali ambapo nyumbani kwetu hapaguswi.

Baba yangu ni mwinjilisti. Kwa wasiozijua taratibu zetu za Kilutheri, mchungaji anasimamia usharika mzima, lakini mgonjwa akizidiwa saa nane usiku, mlango unaogongwa ni wa mwinjilisti. Nimekua nikisikia mlango ule ukigongwa. Na baba hakuzipenda gemu. Nilipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara alinikuta kwenye kibanda cha gemu pale sokoni, nimeshika padi, mechi ya tatu, saa ambayo nilipaswa kuwa darasani nikikariri Katekisimo. Hakunichapa. Alimlipa mwenye kibanda deni langu la shilingi 600, akanishika bega, tukapanda mlima kimya. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Mikono yako ilikuwa na kazi gani pale?"

Swali lile nililibeba miaka mingi, kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu niliamini lipo.

Chuoni, kwenye ushirika wa vijana, jambo lile lilizuka tena. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kufundisha akasema gemu ni mlango wa shetani, mkutano ukagawanyika. Mwishowe wenzangu wakanituma mimi, kwa vile nasoma kompyuta, nikatafute kama kuna gemu ya Kikristo tunayoweza kuwaonyesha wazee. Nilitafuta kwa moyo wote. Nilikuta kwamba Wamarekani walianza zamani. Mwaka 1994 ilitoka gemu ya safina ya Nuhu, Super 3D Noah's Ark, iliyojengwa juu ya mitambo ya gemu ya kuwapiga risasi Wanazi. Bunduki ikawa manati, maadui wakawa mbuzi na wanyama wengine, na Nuhu anazunguka safinani akiwarushia chakula mpaka wanalala. Kabla ya hiyo, mwaka 1991, ilikuwapo nyingine ambayo mchezaji anambeba Musa mchanga, na kitufe kikibonyezwa anamrusha hewani kama mzigo.

Sisemi waliozitengeneza hawakuwa na imani. Walitaka watoto wao wacheze kitu salama, na mzazi yeyote anaelewa. Lakini nilihuzunika. Ilikuwa kama kumvalisha mtu kanzu ya kwaya na kumwambia sasa unajua kuimba. Mikono ya mchezaji ilikuwa inafanya kazi ileile ya siku zote, lenga, okota, rusha, pointi zinaongezeka, huku majina ya Biblia yamebandikwa juu. Swali la baba lilikuwa palepale.

Ndipo nikakutana na That Dragon, Cancer.

Imetengenezwa na Ryan na Amy Green, mume na mke wa Colorado, pamoja na wenzao wachache. Mtoto wao Joel aligundulika na saratani ya ubongo akiwa na mwaka mmoja tu. Madaktari hawakumpa muda mrefu, naye akaishi miaka minne zaidi. Baba yake alianza kuitengeneza gemu mtoto angali hai, bila kujua itaishaje. Joel akafariki Machi 2014, nao wakaendelea. Ilitoka tarehe 12 Januari 2016, siku ambayo angetimiza miaka saba. Kicheko kinachosikika mle ndani ni cha Joel mwenyewe, walikirekodi. Rafiki yangu mwenye kadi ya benki aliinunua kwa takriban dola 15, nikamlipa taslimu kidogo kidogo, nikaipakua usiku kwa bando la usiku.

Na mimi nilikuwa na mdogo wangu.

Alizaliwa miaka sita baada yangu. Mama ndiye aliyeona kwanza, jioni moja mwanga wa taa ulipompiga usoni, kwamba ndani ya mboni kuna weupe unaong'aa kama jicho la paka. Tulimtia dawa za matone. Muda ukapita. Tulipofika kwa waliojua ile ni saratani ya jicho, ilikuwa imeshaingia ndani. Alikufa hospitali mwaka 2003, ana miaka mitatu. Mama hakuwepo, alikuwa nyumbani na kitinda mimba wetu wa wiki mbili. Aliyekuwa wodini ni baba peke yake. Alirudi asubuhi akiwa na mwili kwenye gari la kuazima, tukazika kihambani chini ya migomba, na baba mwenyewe akasoma, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza usiku ule ulikuwaje. Mama aliacha kwaya mwaka mzima. Baba hakukosa ibada hata moja.

Usiku wa tarehe 27 wageni walikuwa wameshaondoka. Mama alikuwa jikoni nje, anakoka moto wa kupasha machalari yaliyobaki. Nilikaa sebuleni na laptopu, nikaiwasha ile gemu kwa sauti ya chini. Baba akaingia kutafuta miwani yake.

"Huyo mtoto anacheka nini?"

Nikamwambia, "Ni gemu, baba. Ya mtoto aliyeumwa saratani. Imetengenezwa na baba yake."

Alisimama. "Baba yake mzazi?"

"Ndiyo."

Akavuta kigoda akakaa, miwani haijapatikana bado, uso karibu na kioo cha kompyuta. Inaanzia bwawani, mtoto anawarushia bata mkate, na mchezaji ndiye bata. Baba akaniuliza sisi ni nani hapo, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa polepole kama anavyofanya akisikiliza maungamo ya mtu. Kisha akauliza, "Mbona hawana nyuso?" Ni kweli, watu wa gemu ile wamechorwa kama vinyago vya karatasi iliyokunjwa, bila macho wala mdomo. Nilikuwa natafuta maelezo, lakini yeye alishajijibu kwa sauti ndogo: "Hata lini utanificha uso wako?" Ni Zaburi ya kumi na tatu. Sikuwahi kumsikia akiisoma kwenye mazishi.

Nikawa namtafsiria. Madaktari wanaeleza kwamba hakuna tiba tena, na chumba kile kinajaa maji taratibu huku wazazi wamekaa. Tukapita. Tukafika kwenye usiku wa hospitali.

Eneo hili ndilo nililokuwa naishia. Joel ana kiu, lakini kila anachokunywa anakitapika. Analia. Ukibonyeza hapa baba yake anampa juisi, ukibonyeza pale anambeba, anatembea naye, anakwenda dirishani, anakaa kwenye kiti, anamrudisha kitandani. Kilio hakikatiki. Ni kilio kirefu, kisicho na muziki chini yake, na mtoto anajigonga kichwa kwenye kitanda. Mtu aliyezoea gemu anaendelea kutafuta, kwa sababu gemu zote zimemfundisha kwamba mahali pa kubonyeza pako, ni yeye tu hajapaona.

Baba alininyang'anya kipanya. Nasema kweli, alininyang'anya. Hakuwahi kukishika maishani mwake. Alikisogeza kwa nguvu mno, kishale kikawa kinaruka huku na huko.

"Nibonyeze wapi ili anyamaze?"

"Baba, hakuna."

"Lazima pawepo. Juisi nimempa. Nimembeba. Pale pembeni je?"

"Hakuna, baba. Baba yake alitengeneza hivyo."

Akaendelea kubonyeza. Mkono ulikuwa unatetemeka. Halafu ndani ya gemu Ryan akavunjika, akaanza kuomba kwa sauti, naye mtoto akatulia taratibu, akalala. Baba akaachia kipanya. Tulikaa kimya, jikoni tunasikia mama akipuliza moto.

"Yule wa kwake amenyamaza," akasema.

Kisha akanieleza, hanitazami mimi, anatazama kioo. Kwamba usiku ule wa 2003 naye alimbeba mdogo wangu kuanzia saa tatu, akazunguka naye wodini kitanda hadi kitanda, akimwimbia. Kwamba dawa ya maumivu ilikuwa imetolewa, na saa ya kurudia ilikuwa haijafika. Kwamba alisali sala zote anazozijua, za kitabu na za moyoni, na mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa anamuuguza mwanawe kitanda cha jirani akainua mikono naye akamwombea. "Hakunyamaza. Alinyamaza alfajiri, na alfajiri ile nilifurahi, nikasema amelala. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nesi ndiye aliyeniambia."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa sijawahi kujua kwamba baba yangu alimshukuru Mungu kwa kosa.

Tangu siku ile najua ninachokiamini kuhusu swali la wazee na vijana. Mahubiri yangemwambia baba jambo ambalo yeye mwenyewe amelihubiri mara mia. Sinema angeitazama akiwa amekunja mikono. Gemu ile ilimpa mikono, ikamwacha aitumie yote mpaka ikaisha, ikamwonyesha mahali ambapo mkono wa mzazi unakoma. Hapo ndipo sala inapoanzia, naye alikuwa amesimama hapo peke yake kwa miaka kumi na minne. Naona hiyo ni kazi takatifu. Sijaona kitu kingine kilichotengenezwa na wanadamu kikiifanya kwa namna ile. Na imefanywa na watu ambao hawakuficha kwamba nyumba moja inaweza kuwa na imani mbili za kimo tofauti: mle ndani Amy anaamini mtoto atapona, wakati Ryan anazama baharini gizani, na mchezaji ndiye anayehangaika naye majini.

Nilimwambia, "Baba, mbele huyu naye anakufa. Tuzime?"

"Endelea."

Tukaendelea. Lile kanisa kubwa la vioo vya rangi na sauti za watu wanaokesha wakiomba alilisikiliza ameinamisha kichwa, kama yumo ndani. Palipofika mwisho, ambapo Joel yuko ng'ambo, na mbwa wake, na rundo la chapati za kimarekani anazozipenda, anacheka kile kicheko cha kweli, nilikuwa nimejiandaa baba aseme kwamba mbinguni hakukuandikwa chapati. Hakusema. Alitaja jina la mdogo wangu. Alilitaja mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula.

Kesho yake jioni nilikuwa namsaidia mama kuingiza majani ya ng'ombe. Baba akaita kutoka sebuleni. "Ile ya mtoto ingalipo?"

"Ipo, baba."

"Mwite mama yako."

Mama alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Baba alikuwa amemwekea kiti chenye kitambaa, kile cha wageni. Hakumweleza kitu. Alichosema ni, "Kaa hapa na mimi." Nikawafungulia pale kwenye usiku wa hospitali, kwa sababu aliniomba pale, kisha nikasogea nyuma karibu na mlango.

Kilio kikaanza. Baba aliweka mkono juu ya kipanya, hakubonyeza. Mama alitazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena. Nikaona mabega yake yakipanda, nikajua ameelewa tunatazama nini.

"Mpe maji," mama akasema.

"Nimempa."

"Anayatapika?"

"Yote."

"Mbebe basi. Mbebe, baba, utembee naye."

"Nimembeba," baba akasema. "Tangu saa tatu."

Mama akauweka mkono wake juu ya ule wa baba, pale kwenye kipanya. "Halafu?"