Chumvi Kabla ya Mayai

Juzi binti kapiga simu kutoka chuoni, hana hata salamu: "Mama, ile dressing ya bibi ilikuwa na mayai mangapi?" Ni ule mkate wa mahindi unaofikichwa, ukaungwa na kuokwa tena, wa kuliwa na bata mzinga. Nikamwambia idadi siikumbuki, ila yanatiwa mwisho, baada ya kuonja chumvi. Akacheka. Mimi sikucheka, maana kuonja huko kuliwahi kuniponza.

Mwaka 2002 Siku ya Shukrani ya Wamarekani iliangukia tarehe 28 Novemba, katikati ya kumi la mwisho la Ramadhani. Nilikuwa na miezi minne tu Atlanta, bi harusi mpya, soksi jozi mbili miguuni. Mama mkwe, Mbaptisti asiyekosa Jumapili hata moja, alishamzoea mwanawe kuwa Mwislamu. Soseji ya nguruwe ya kwenye dressing aliiacha mwenyewe, hakuna aliyemwomba.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulioka mkate wa mahindi kwenye kikaango kizito cha chuma: unga, mtindi, bila chembe ya sukari, maana sukari humo aliiona uzushi. Ukaachwa wazi mezani ukauke. Kwetu Tanga mkate uliolala wanatupiwa kuku. Huku ndio uliokuwa unasubiriwa. Asubuhi tukaufikicha kwa mikono kwenye beseni, tukatia vitunguu na seleri vilivyokaangwa kwa siagi, supu ya shingo ya bata mzinga, na yale majani makavu ya kijivu, seji, yanayonuka kama kabati la dawa.

Akachota kijiko, akanisogezea mdomoni. "Onja, mwanangu. Mayai yakishaingia haionjwi tena."

Sasa, kwetu mpishi aliyefunga anaonja kwa ncha ya ulimi, kisha anatema. Mama alifanya hivyo kila alasiri kwenye nyama ya sambusa, wala hakuna aliyegeuza shingo kumtazama. Basi nikaonja. Nikainamia sinki, nikatema, nikasukutua.

Nilipogeuka, kijiko kilikuwa bado hewani. Supu inadondoka, tone, tone, juu ya aproni yake yenye picha za maboga. Hakukunja uso. Ingekuwa nafuu angekunja. Alikitazama kijiko, akaitazama sinki, akarudi kwenye kijiko. Kiingereza changu chote cha shule kikanikimbia. "Nimefunga," nikasema, kwa Kiswahili! Kisha nikaokoteza maneno: "Chumvi imefika, Mama."

"Haya, mwanangu." Akavunja mayai, akakoroga kwa nguvu ambayo beseni lile halikuihitaji.

Mume wangu alimweleza baadaye. Wengine walikula saa tisa, wakahamia kwenye televisheni na mpira wao wa kushikwa mikononi. Jua lilipotua, saa kumi na moja na nusu hivi, mama mkwe aliniletea tende tatu na sahani iliyofunikwa, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza. Nikaomba nyingine. Ya kwanza niliila kwa njaa, ya pili kwa heshima.

Alisema ameelewa, na mimi nikashika hilo. Mwaka uliofuata Idi ilitangulia, nikala mchana na wenzangu, nikaona harufu ya seji imepungua. Ikabaki hivyo kila mwaka mpaka alipofariki. Sikumuuliza. Ningeanzia wapi?

Binti akauliza na seji je. Nikamwambia nusu kijiko, kama bibi yake.

Ile ya kwanza ilikuwa na viwili.