Siku yangu moja kitengo cha katalogi, bado najifunza metadata

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, ukitokea Gongo la Mboto usipowahi daladala utasimama mpaka mjini. Hii ni wiki ya tatu tangu nitolewe kaunta ya kuazimisha vitabu nikaletwa katalogi, maktaba ya chuo hapa Dar. Huku ndo tunajaza metadata, yaani taarifa za kila kitabu kama mwandishi, mwaka na lugha, ili msomaji akitafuta akipate.

Saa mbili kasoro nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mama anayenifundisha kashawasha kompyuta. Jana alinituma nimtafutie vitabu vyetu vyote vya Shaaban Robert nikaleta kumi na moja nikajua basi, kumbe vingine viko kwenye "Robert, Shabani" na vingine "Shaaban bin Robert", yaani mtu mmoja kagawanywa watatu. Asubuhi yote tumekaa na hilo, tumechagua namna moja ya kuandika jina, tukaweka na miaka yake 1909-1962, na zile namna nyingine hatujazifuta, zinabaki ziwe zinamwelekeza msomaji kwenye ile moja, maana anayetafuta "Shabani" naye hajakosea.

Saa nne chai na chapati, fasta.

Saa nne na nusu tasnifu zilizoskaniwa. Faili linaitwa scan0047, tarehe 03/04/2011. Sasa hiyo ni mwezi wa nne au wa tatu?? Nikafungua ukurasa wa sahihi, pale chini msimamizi kasaini kwa wino wa bluu, 3 Aprili. Nikaandika 2011-04-03, mwaka kwanza, mwezi, ndo siku, hapo hakuna wa kubishana na kompyuta inapanga yenyewe. Lugha nayo mmoja kajaza Kiswahili, mwingine Swahili, mwingine Kisw, zote nimeweka sw, kifupi cha kimataifa cha Kiswahili. Tunatumia Dublin Core, orodha ya vipengele vya kujaza metadata, ile iliyoanzia Dublin ya Ohio kule Marekani mwaka 1995, ina vipengele 15 na vyote ni hiari, kwa hiyo maktaba isipoandika mwongozo wake kila mtu anajaza anavyojua, na mi naona hapo ndo tulipoharibu miaka yote.

Saa nane ripoti ya serikali ya 1962. Mkono ushaanza kuandika Tanzania mama akanishika, mwaka huo ni Tanganyika bado mwanangu, Muungano ni 1964. Kwenye kipengele cha mtoaji, yaani aliyeichapisha, unaandika jina kama lilivyochapwa, Tanzania unaiweka kwenye mada ili watu waipate.

Saa tisa akaja mwanafunzi, wiki mbili anatafuta tasnifu moja ya malaria, mwalimu wake kamwambia ipo, katalogi inasema haipo. Nikazunguka sana nikaja kuiona, aliyeingiza kichwa kaandika "malalia". Herufi moja tu jamani! Nikarekebisha, nikamwambia kaka hebu tafuta tena hapo kwenye simu yako, ikatokea ya kwanza. Alikaa nayo pale dirishani mpaka tunafunga.