Kaskazi Alfajiri, Kusi Jioni: Saa Yangu ya Mazoezi

Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kutembea na kukimbia mwendo wa pole hapa Tanga, kutoka Chumbageni, kupita Bombo, hadi Raskazone na kurudi, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la raba wala la chakula. Watu huniuliza ni saa ngapi hasa inafaa. Zamani nilikuwa nikijibu bila kufikiri kwamba ni alfajiri, kwa kuwa ndivyo nilivyosikia na ndivyo nilivyoanza. Leo jibu langu limebadilika: kwa sisi wakazi wa mwambao, saa ya mazoezi ya moyo na mapafu haifai kuwa moja mwaka mzima. Inafaa ifuate musimu. Wakati wa kaskazi, upepo wa miezi ya joto, nitoke alfajiri, na wakati wa kusi, upepo wa miezi ya baridi, nitoke jioni.

Nilianza nikiwa na miaka 49, baada ya kupimwa presha na kukutwa nina 152 kwa 96. Daktari alinieleza kwa upole kwamba pamoja na kupunguza chumvi ninahitaji mazoezi yanayoupandisha moyo mapigo kwa muda, angalau dakika 150 kwa juma, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima anayefanya mazoezi ya wastani. Hakunitajia saa. Nami nikachagua saa 11 na nusu alfajiri, mara baada ya sala, kwa sababu moja tu: hiyo ndiyo saa ambayo hakuna mtu anayenidai kitu. Watoto wamelala, jiko halijawashwa, simu ya ofisini haijaanza kuita. Sababu hiyo ningali naiheshimu, kwani mama mwenye nyumba na kazi ya kuajiriwa akiipoteza saa ile ya kwanza, mara nyingi siku nzima huwa imekwisha.

Lakini nilianza mwezi wa Julai. Mwezi huo jua la huku huchomoza karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari yangu ilikuwa gizani, na mji wetu ni mji wa baiskeli. Mara mbili baiskeli isiyo na taa ilinikosakosa, na mara ya pili mwendeshaji alianguka na mikate yake. Zaidi ya hayo, magoti yalikuwa yakinigoma. Dakika kumi za mwanzo nilihisi kama ninatembea na miguu ya mtu mwingine, na kifua kilinibana kidogo kabla ya kufunguka. Nilidhani ni umri.

Si umri peke yake. Mwili una saa yake, na saa hiyo haifuati hamu zetu. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliochunguza nzi wadogo wa matunda na kuonyesha namna seli zinavyopima mzunguko wa usiku na mchana kwa kutengeneza na kuvunja protini fulani. Binadamu naye ana mzunguko wa aina hiyo, unaoongozwa na sehemu ndogo sana ya ubongo inayopata habari za mwanga kupitia macho. Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa saa chache kabla ya kuamka, kisha hupanda polepole mchana kutwa na kufika kileleni jioni, kati ya saa 10 na saa 1 hivi. Tofauti yenyewe ni kama nyuzi moja tu au pungufu, lakini misuli huihisi: jioni hunyooka kwa urahisi zaidi, viungo havikakamai, na juhudi ileile huonekana nyepesi.

Asubuhi pia ndiyo wakati ambapo presha hupanda mwili unapoamka, na imejulikana kwa miaka mingi kwamba mishtuko ya moyo hutokea zaidi kati ya alfajiri na adhuhuri kuliko saa nyingine. Sisemi hivi ili kumtisha mtu aache kutoka alfajiri, maana faida ya mazoezi ya kila mara kwa moyo ni kubwa kuliko hatari hiyo. Ninasema ili mwenye presha kama mimi asitoke kitandani na kuanza mbio. Mimi hunywa maji, hutembea pole hadi nifike Bombo, kisha ndipo huongeza mwendo, na bado kipimo changu ni kilekile cha kuweza kuzungumza na mwenzangu bila kukatika pumzi, ingawa kuimba nisingeweza.

Agosti ya mwaka ule nilihamia jioni kwa majaribio. Nina daftari dogo ambamo huandika muda wa safari na mapigo ya moyo, ninayoyahesabu kwa vidole viwili shingoni kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Njia ni ileile, kilomita tano. Alfajiri ya Julai nilikuwa nikitumia dakika 41 au 42. Jioni za Agosti nilishuka hadi 38 bila mapigo kuongezeka. Sikuwa nimepata nguvu mpya kwa majuma matatu. Nilikuwa nimekutana na mwili wangu ukiwa tayari, na nimekutana na upepo pia, kwa sababu upepo wa bahari huvuma mchana na kufika jioni ukiwa bado hai, ilhali alfajiri bahari hutulia hata majani ya mnazi hayatikisiki. Wakati wa kusi hewa huwa baridi na hubeba mvuke pungufu. Fulana niliyoivaa jioni ya Agosti ilinikaukia mwilini, na nilipoivua ilikuwa na mistari myeupe ya chumvi mgongoni, kama mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nimepata jibu la kudumu. Nikaendelea na jioni hadi Januari. Alasiri moja, saa 10 na nusu, nikiwa Raskazone na jua bado liko juu ya mabega, nilihisi baridi katikati ya joto, ngozi ikasisimka, na mbele ya macho pakawa na giza lenye vinukta. Nilikaa chini ya mti. Mvuvi aliyekuwa akipita akanimwagia maji kichwani na kunizuia nisisimame haraka. Mapigo yangu, nilipoweza kuyahesabu, yalikuwa 160, na nilikuwa nimekwenda kilomita mbili na nusu tu. Huo haukuwa ugonjwa mpya. Moyo ulikuwa ukifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili joto litoke, na katika hewa ya kaskazi joto lilikuwa halitoki.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hulieleza kinyume. Utasikia ikisemwa kwamba wakati wa joto ni bora kukimbia jioni kwani alfajiri unyevunyevu ni mwingi, na utabiri wa hali ya hewa huonekana kuunga mkono: asilimia 90 alfajiri, sitini na kitu alasiri. Lakini asilimia hiyo hupima jinsi hewa ilivyokaribia kujaa mvuke kwa joto lake la wakati ule, na hewa iliyopoa hujaa upesi, kama kikombe kidogo kinavyojaa kwa maji ambayo hayafiki nusu ya jagi. Kiasi chenyewe cha mvuke, katika siku ya kawaida ya Januari hapa pwani, hakitofautiani sana kati ya alfajiri na jioni, na jasho hukauka au kukataa kukauka kwa kutegemea kiasi hicho pamoja na upepo. Kinachobadilika sana ni joto na jua. Alfajiri ya nyuzi 25 bila jua ni nafuu kubwa kwa moyo kuliko alasiri ya nyuzi 31 yenye jua la kuchoma, hata kama fulana ya alfajiri hiyo utaivua ikiwa imelowa kiasi cha kukamuliwa.

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya mvuke niliuona Doha mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu na usiku wa manane ili kulikwepa jua, lakini joto lilikuwa bado karibu nyuzi 32 na unyevunyevu umezidi asilimia 70. Walianza wanariadha 68, na 28 kati yao hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich ndiye aliyeshinda, kwa saa 2 na dakika 32, muda ambao kwa mkimbiaji wa kiwango chake ni wa taratibu sana. Waandaaji walilikimbia jua, lakini joto na mvuke vilibaki vikiwangojea barabarani. Tofauti na hapo, kule Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kwenye mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji hutoka saa 12 asubuhi na wengi wao hurudi tena barabarani jioni, na hewa ya nyanda za juu huwaruhusu. Ratiba yao haiwezi kuhamishwa hadi mwambao kama ilivyo.

Kwa hiyo tangu mwaka wa pili nimepanga hivi. Kuanzia Desemba hadi Machi hutoka saa 11 na nusu alfajiri. Jua la Desemba na Januari huchomoza mapema kidogo kuliko la Julai, kwa hiyo giza ni fupi, na ninapogeuka Raskazone mwanga umeshafika baharini. Kuanzia Juni hadi Septemba hutoka saa 11 jioni na kuingia nyumbani kabla ya magharibi. Katikati, masika na vuli huamua zenyewe, na siku ya mvua kubwa huruka kamba barazani kwa dakika 20. Kila ninapobadilisha, hujipa majuma mawili ya mwendo mdogo, kwani mwili huzoea saa uliyoifundisha na hulalamika ukihamishwa ghafla.

Mwezi wa Ramadhani nina kanuni nyingine. Miaka hii umekuwa ukiangukia kaskazi, na mchana bila maji si wakati wa kukimbia. Hutembea taratibu nusu saa kabla ya futari, ili kiu ikizidi maji yawe karibu, au baada ya tarawehe nikiwa na mtu wa kufuatana naye. Kuhusu usingizi, mazoezi ya jioni hayajawahi kuniharibia, mradi yaishe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Na mwenye kisukari, ambaye sukari yake hupanda baada ya kula, atafaidika na matembezi ya dakika 15 baada ya mlo wowote, hata kama hana nafasi ya safari ndefu; amwulize daktari wake kwanza ikiwa anatumia insulini.

Presha yangu ilipopimwa mwezi uliopita ilikuwa 128 kwa 82, pamoja na dawa ambayo kipimo chake kimepunguzwa mara moja. Sasa tumo katikati ya Novemba. Jana jioni upepo ulikuwa umeanza kugeuka, na jirani yangu, ambaye hutembea nami, aliniambia tukiwa tunavuka barabara ya Bombo: «Dada, kuanzia Jumatatu nitakugongea dirisha, usiniambie umelala.» Nimeshatoa saa ya mezani kabatini na kuitegesha saa 11 kamili.