Nilivyofika Wimbledon nikamuonyesha mjomba majani ya Centre Court

Mjomba wangu ndo alinifundisha kuokota mipira. Miaka hiyo tunakaa Temeke, yeye alikuwa mtunza viwanja kwenye klabu moja ya tenisi huku mjini, shule zikifungwa ananichukua asubuhi na mapema tunagombania daladala mpaka Posta, tukifika kazi ya kwanza kabla hujaokota hata mpira mmoja ni kuchora mistari. Vitu vyenyewe ni kamba, misumari miwili na chokaa kwenye kopo lililotobolewa chini, basi. Vipimo vyote anavyo kichwani tena kwa futi, urefu 78, upana 27 wakicheza mmoja mmoja, 36 wakicheza wawili wawili, mstari wa sevu futi 21 toka kwenye neti. Ukipinda kidogo tu anakuambia futa, anza upya, na mimi nafuta.

Ikifika mwezi wa saba kwenye tivii ya klabu wanaweka Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya London yanayochezwa juu ya majani, wanachama wamekaa ndani sisi tunachungulia mlangoni. Mimi naangalia wachezaji, mjomba anaangalia majani. Ananiambia, mjomba hebu ona hayo majani, hivi wale watu wanayakataje? Hilo swali nimekaa nalo zaidi ya miaka 20, na siku nilipoanza kazi nikasema iko siku nitaenda kuona mwenyewe nije nimjibu.

Sasa jinsi nilivyofika. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi London na alishaniambia sehemu ya kulala ipo, kwa hiyo hela kubwa ilikuwa nauli na visa. Nilianza na kibubu, nikaona hakiendi, nikaingia kwenye mchezo wa kupeana pale kazini tulikuwa watu kumi na mbili, nikaomba zamu yangu iwe ya mwisho. Wenzangu walishangaa maana kila mtu anataka wa kwanza, ila mimi nilijua nikipokea mapema itaingia kwenye kodi na ada za watoto halafu safari imeisha hapo hapo. Na kingine nakushauri kama unafikiria visa ya Uingereza, hela weka benki kidogo kidogo kila mwezi, usiende kumwaga milioni kadhaa wiki moja kabla ya kuomba maana wanaangalia taarifa ya akaunti na wanataka kuelewa imetoka wapi. Mimi niliambatanisha barua ya kazini, barua ya ruhusa ya likizo na barua ya dada, ikatoka.

Mwanzo nilitaka kwenda mwezi wa saba nione mechi kabisa. Nilivyofuatilia nikakuta tiketi nyingi zinatoka kwa bahati nasibu na unaomba mapema sana kabla ya mashindano, ukikosa unaenda kupanga foleni, na foleni yao sio ya mchezo, watu wanalala na mahema usiku kucha kwenye bustani iliyo jirani. Halafu kipindi cha mashindano ziara za kutembezwa uwanja zinasimama. Nikajiuliza, mimi nimefuata nini kule? Nimefuata uwanja. Basi nikachagua mwezi wa kumi na moja, likizo yangu ipo, na ndege niliyounganisha Addis ilikuwa bei nafuu. Kulipia ziara mtandaoni kadi yangu ya benki ilikataa mara mbili, nikapiga simu benki nikazungushwa siku nzima, mwisho dada akalipa nikamrudishia nilivyofika. Ukitaka na wewe lipia mapema, nafasi za kila kundi zinahesabika.

Siku yenyewe baridi ilikuwa ya kuuma, mtu wa Dar nimevaa makoti mawili. Kitu ambacho wengi wanakosea ni kwenda kushuka stesheni ya Wimbledon kwa sababu ya jina, wakati ya karibu zaidi ni Southfields, unapanda treni ya District Line unashuka pale unatembea kama robo saa. Nilitoka saa moja na nusu asubuhi kwa ziara ya saa nne maana sikutaka kusikia habari ya treni kuchelewa.

Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, anaijua ile sehemu kama jikoni kwake. Ziara ni dakika 90. Alituanzia kwenye historia, klabu ni ya mwaka 1868, mashindano ya kwanza 1877, na pale walipo sasa, mtaa wa Church Road, walihamia 1922. Tukapita kwenye sanamu ya Fred Perry, bingwa wao wa zamani, tukaenda uwanja namba 18, pale nilisimama muda mrefu kuliko wenzangu. Ndo uwanja ambao mwaka 2010 John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, mechi moja siku tatu, seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68, mpaka ubao wa matokeo ulikwama kwenye 47 kwa 47. Kuna kibao ukutani. Wengine wanawafikiria wachezaji, mimi nilikuwa nawafikiria waokota mipira. Nilimuuliza mama akasema wanachukua watoto kama 250 kutoka mashule, wanaanza kufundishwa mwezi wa pili kwa mashindano ya mwezi wa saba, jinsi ya kusimama, jinsi ya kuviringisha mpira. Aisee, nilifurahi sana. Kumbe kile alichokuwa anatukazania mjomba, simama wima, usikimbie kati ya pointi, mpira uviringishe usiurushe, kule ni kozi ya miezi kabisa.

Tukapita chumba cha waandishi, ukitaka unakaa kwenye kiti wanachokaa wachezaji. Nilikaa. Nikamkumbuka Ons Jabeur wa Tunisia aliyefika fainali 2022 na 2023, na jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya aliyechukua kombe la wasichana wawili wawili hapo hapo 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Binti wa Nairobi huyo, ni hapo tu ukivuka Namanga. Wale watoto wetu wanaopiga mpira ukutani kwa raketi za kuazima wanatakiwa walijue hilo jina.

Halafu Centre Court, ule uwanja wao mkuu. Unapanda ngazi, unapita kwenye uwazi mdogo, ghafla uwanja wote uko mbele yako, viti vya kijani kibichi karibu elfu 15 havina mtu, paa lile la kufunga la mwaka 2009 limekunjwa juu, na chini yake ni majani. Hakuna tangazo kubwa hata moja limezunguka. Neti hakuna. Kuna kawaya kembamba kanazunguka uwanja, mama akasema kana umeme, ni kwa ajili ya mbweha wanaoingia usiku maana mkojo wao unaunguza nyasi. Na akatuonya, hakuna kugusa majani, hata kidole.

Nikamuomba ruhusa nipige simu ya video, nikamwambia ni kwa mjomba wangu alikuwa mtunza viwanja. Akasema piga. Dar ilikuwa inaenda saa nane mchana, mjomba yuko barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, uko wapi huko mbona kijani kitupu?"

Nikageuza kamera. Akanyamaza. Akasogeza simu mpaka naona jicho moja na nusu paji la uso. Kitu cha kwanza akauliza, mistari iko wapi? Nikamuuliza mama, akasema wanachora msimu ukikaribia. Unene je? Mama akasema wa nyuma sentimita 10, mingine yote sentimita 5. Nikamfikishia, mjomba akapiga hesabu yake, inchi nne na inchi mbili, akasema ndo hiyo hiyo niliyokuwa nakuchoresha wewe.

Halafu lile swali. Wanayakataje? Mama alisogea kwenye simu akaeleza mwenyewe mimi natafsiri, kwamba tangu 2001 ni nyasi za aina moja tu zinaitwa raigrasi, wakati wa mashindano wanazikata kila siku kwa urefu wa milimita 8, na mashindano yakiisha wanakwangua juu wanapanda mbegu upya, ndo maana mwezi huu zimejaa hivi. Mjomba akawa anarudia polepole, milimita nane, kila siku, akamuita shangazi aje aangalie, shangazi akasema hongereni sana. Mama mwongozaji akapunga mkono.

Nilitaka kumuonyesha vizuri zaidi nikachuchumaa pale pembeni, simu nimeishusha karibu na ardhi mpaka ncha za majani zinaonekana moja moja zikiwa na umande.

"Hapo hapo mjomba," akasema. "Nimeona. Sasa rudi nyuma kidogo, usije ukakanyaga."