Kidole gumba cha mama muuza samaki, na safari yetu ya Bagamoyo

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Tanga mjini. Nina miaka kumi na moja ya kufundisha tamthiliya, na katika minane ya mwanzo sikuwahi kumwona mwanafunzi wangu hata mmoja amesimama jukwaani. Tulisoma, tukachambua wahusika na dhamira, tukajibu maswali ya mtihani, tukafunga daftari. Sanaa shuleni kwetu ilikuwa kwaya na ngoma za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, basi. Sasa walimu wenzangu huniuliza kila mara mimi na wanafunzi wangu tulifikaje Bagamoyo, kuigiza kwenye tamasha la sanaa, na swali hilo halijibiki kwa kusimama getini dakika mbili. Ndiyo maana naandika.

Nilipotangaza kikundi cha maigizo walikuja kumi na wanne, wengi wao watoto wa mitaa ya Sahare, Chumbageni na Makorora. Likizo ya Juni nikajifungia ndani, nikaandika mchezo kuhusu uvuvi wa baruti. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa jambo hilo. Kwa miaka mingi mlipuko ulisikika pwani asubuhi na kila mtu alijua maana yake: matumbawe yamevunjika, samaki wakubwa na wachanga wamekufa pamoja, na wengi wamezama bila hata kuokotwa. Na ni katika bahari hiihii wavuvi wetu walikonasa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kuamini kwamba alitoweka duniani zamani za kale, mpaka mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapa Tanga. Niliona nina kisa kikubwa mkononi. Nikakiandika kurasa arobaini.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilitaka kulia. Mvuvi wangu alihutubia. Kijana aliyepoteza mkono alilia, "Ewe bahari, uliyekuwa mama yetu!" Wanafunzi waliyasoma maneno yangu kwa sauti wanayosomea matangazo ya mstarini, nami nikawakaripia kwamba hawana hisia. Niliwaonea. Hakuna mtu wa Sahare anayesema hivyo na bahari, na wale watoto walilijua hilo kabla yangu.

Chuoni tulifundishwa habari za Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwa mstari wa mbele. Mabinti wa sekondari walichunguza wao wenyewe mambo yanayowakwamisha, wakayatungia mchezo, wakaucheza mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadiliana nao. Niliyaandika hayo kwenye mtihani na kupata alama nzuri, kisha nikayasahau. Nilikuja kuyakumbuka siku nilipokwenda kuomba ruhusa za wazazi.

Mazoezi yalikuwa yanaisha karibu saa kumi na mbili jioni, na kwa watoto wa kike hilo lilikuwa jambo la kuongea na nyumbani, uso kwa uso. Kulikuwa na binti wa kidato cha tatu mwenye sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Mama yake anauza samaki Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga. Nikamfuata huko Jumamosi asubuhi, nikamkuta amechuchumaa mbele ya beseni, kanga kaifunga kiunoni.

"Karibu, Mwalimu, ila pa kukaa hapana."

Nikamweleza.

"Maigizo?" akauliza. "Haya, ataigiza. Na mtihani je?"

Nikamwambia mtihani nitausimamia mimi mwenyewe. Nikamweleza na mchezo unahusu nini. Alinitazama kidogo, akanyoosha mkono kwenye beseni la jirani yake, akachukua changu mmoja, akambonyeza kwa kidole gumba nyuma ya shavu. Nyama ikadidimia, ikabaki vilevile. Akachukua mwingine kwenye beseni lake, akambonyeza. Nyama ikarudi.

"Umeona? Huyu kavuliwa. Yule kapigwa. Ndani mifupa imeachana na nyama. Nikimuuzia mtu samaki yule leo, kesho hapiti tena kwangu." Akashusha sauti. "Lakini kijana anayewaleta, mama yake jirani yangu. Tumelea pamoja. Nikimkatalia, nitamtazama vipi msibani?"

Nilirudi nyumbani, nikazitia zile kurasa arobaini kabatini. Mchezo wote ulikuwa kwenye maneno yale ya mwisho, na mimi mwezi mzima nilikuwa naitafuta baruti baharini wakati jambo lenyewe limekaa sokoni, baina ya majirani wawili.

Jumatatu nikawapa kikundi swali moja waende nalo nyumbani: nani kwenu anayenunua samaki, na anamjuaje aliyepigwa? Wakarudi na mambo mengi. Bibi wa mmoja hamgusi samaki, anatazama jicho tu. Baba wa mwingine aliwahi kupiga baruti, akaacha, na hajawahi kusema kwa nini. Hilo hatukuligusa. Si kila kitu cha mtoto ni cha kupelekwa jukwaani, na mwalimu anayefanya kazi hii lazima ajue pa kusimama. Tulipanga matukio, wao wakaigiza bila maandishi, mimi nikaandika wanavyosema. Wakikwama narudisha nyuma. Baada ya miezi miwili tulikuwa na mchezo wa dakika 25, na sentensi zangu mle hazifiki kumi.

Unaanza bila neno. Mama Changu, mhusika wetu mkuu, anabonyeza samaki wawili. Tuliwashona kwa kitambaa kizito: mmoja tukamjaza sufi ili alegee, wa pili tukamjaza sponji ya godoro kuukuu ili abonyee na kurudi. Tulihangaika wiki nzima na samaki hao. Mtazamaji wa safu ya nyuma alitakiwa aone tofauti yao bila kuambiwa.

Sasa habari ya kutafuta nafasi. Tamasha la Bagamoyo limekuwapo tangu mwaka 1982, nalo huchezwa kwenye chuo cha sanaa ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wenyewe wanaiita TaSUBa. Mwaka wa kwanza tulituma maombi siku za mwisho, na maelezo ya kurasa tatu ambayo hata mimi nikiyasoma leo siuoni mchezo ndani yake. Video tuliirekodi uwanjani. Upepo wa kusi ukafunika maneno yote. Hatukuchaguliwa, na ilikuwa haki.

Mwaka huohuo tulipata pigo jingine. Mtu mmoja alinipigia simu, akajitambulisha kuwa anapeleka vikundi vya vijana kwenye tamasha la nje ya nchi. Alikuwa na maneno laini na nembo nzuri. Alitaka shilingi 15,000 kwa kila mtoto, za usajili. Wazazi kumi na mmoja walitoa, simu ikazimwa. Fedha hizo nilizirudisha kutoka mshahara wangu, kidogo kidogo, kwa sababu walinipa mimi mkononi, hawakumpa yeye. Tangu hapo sitoi hata senti kwa mtu ambaye sijaona barua yake, ofisi yake na kundi alilolipeleka kabla yetu. Naomba kila mwalimu anayesoma hapa aliweke hili moyoni. Vijana wana kiu ya nafasi, na wapo watu wanaoishi kwa kiu hiyo.

Mwaka wa pili mchezo ulikuwa tayari kabla hata maombi hayajatangazwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Muhtasari ulikuwa ukurasa mmoja: kisa kwa sentensi tano, dakika ngapi, waigizaji wangapi, tunahitaji nini jukwaani (kigoda kimoja na beseni mbili). Video tuliirekodi darasani, madirisha tumeyaziba kwa kanga, simu imewekwa juu ya madawati mawili yaliyopandana, mwanzo mpaka mwisho bila kukata. Jibu lilipokuja nilikuwa nasahihisha madaftari. Nililisoma mara tatu, kisha nikatoka nje kutafuta mtu wa kumwambia.

Ruhusa zilitaka subira: barua ya mkuu wa shule, barua ya ofisi ya elimu, fomu ya kila mzazi, mwalimu wa kike wa pili wa kuongozana nasi. Fedha zilitoka kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, na kwa mwenye Coaster mmoja aliyekubali tumlipe mafuta na dereva tu. Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo, wa kuwatania wageni wanaokuja wakisema wataondoka siku hiyohiyo, kisha wakanogewa wasiondoke. Alfajiri ile sisi ndio tuliokuwa tunaondoka, na nusu ya watoto wangu walikuwa hawajawahi kuvuka Segera.

Msata tukakata kushoto, kilometa 64 mpaka Bagamoyo. Chuo kiko ufukweni. Kilianza mwaka 1981, mizizi yake ikiwa ni kikundi cha taifa cha ngoma, na ukipita asubuhi unasikia ngoma upande huu, zeze upande ule, na mtu anayerudiarudia sentensi moja ya mchezo mpaka imkae mdomoni. Wanafunzi wangu waliona kijana wa rika lao akiwamba ngoma, na mwenzake akipanga taa, na wakaelewa kwamba hayo ni masomo, mtu anayasomea na kupata cheti. Niliwahi kuwaambia hivyo darasani. Darasani hawakuamini.

Mkufunzi mmoja alitupa nusu saa yake siku moja kabla. Alikwenda kusimama mwisho wa ukumbi, akasema atainua mkono kila asiposikia. Dakika tano za kwanza mkono haukushuka. Hakuwafokea hata mara moja. Aliwaambia, "Usipige kelele. Mtafute mtu wa nyuma kabisa, umwambie yeye." Sentensi hiyo imenifaa kuliko vitabu vyangu vingi.

Siku yetu tulipangiwa mchana, watu si wengi. Binti akatoka na beseni, akakaa kwenye kigoda. Akambonyeza samaki wa kwanza. Akatazama kidole. Akambonyeza wa pili. Ukumbi ulikuwa kimya, nami moyo unanidunda, nawaza kwamba hawajaelewa. Ndipo mama mmoja katikati ya watu akasema kwa nguvu, "Huyo wa kwanza wa baruti huyo!" Bagamoyo nao ni wavuvi. Watu wakacheka, na kuanzia hapo walikuwa wetu.

Tuliporudi nilipeleka mswada COSOTA, ofisi inayoshughulikia hakimiliki Tanzania. Niliandika majina yote kumi na manne kama watunzi, langu la kumi na tano. Wapo walioniambia mwalimu ndiye aandikwe peke yake. Sikubaliani nao. Mtoto akitoa sentensi, sentensi ni yake, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haikusema mtunzi awe na umri gani. Mimi nami nikapata moyo: kisa cha silikanti nikakiandika upya kuwa hadithi ya watoto, nikaipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo Taasisi ya Elimu Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2023. Haikushinda. Nitapeleka nyingine.

Yule binti alimaliza kidato cha nne. Akaomba nafasi Bagamoyo, ngazi ya astashahada, na fomu tuliijaza pamoja kwenye meza yangu. Mama yake sikuwa nimemwona tangu safari ile. Wiki iliyopita alikuja shuleni moja kwa moja kutoka Deep Sea, beseni tupu kichwani, akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu asitake kuingia kwa sababu ya harufu ya samaki. Nikatoka nje.

"Mwalimu," akasema, "vitanda vya huko chuoni, godoro lake futi ngapi?"