Maneno ya RAID ya kuyajua kabla diski haijafa

Namba za RAID, yaani mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, zinatisha bure. Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, walipozieleza mwaka 1988, walianzia 1 hadi 5. 0, 6 na 10 zikazoeleka baadaye. Ukishayaelewa maneno matatu, namba zenyewe zinajieleza: kugawa, kuakisi na pariti.

Kugawa ni kukata data vipande na kuvitawanya kwenye diski kadhaa. Kwenye Linux, programu ya mdadm hukata vipande vya KiB 512 usipoiambia vingine. RAID 0 ni kugawa peke yake: kasi inaongezeka, lakini diski moja ikifa umepoteza vyote. Kuakisi ni RAID 1: diski mbili za TB 4 zinashika data ileile, nawe unapata TB 4 tu. RAID 10 inaakisi kwanza, kisha inagawa.

Pariti ndiyo inayowachanganya wengi, na ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua biti 1011 kwenye diski ya kwanza na 0110 kwenye ya pili. Linganisha tarakimu kwa tarakimu: zinazofanana andika 0, zinazotofautiana andika 1. Unapata 1101, inakaa diski ya tatu. Sasa ya pili imekufa. Linganisha 1011 na 1101 kwa kanuni ileile: 0110 imerudi. Hiyo ndiyo hesabu ya RAID 5, ila yenyewe huizungusha pariti kwenye diski zote, nayo hukugharimu ujazo wa diski moja. RAID 6 huongeza pariti ya pili yenye hesabu ngumu zaidi, na hukugharimu mbili.

Ukiacha RAID 0, diski moja ikifa, safu (yaani diski zako zote zilizounganishwa) huendelea kufanya kazi katika hali ya upungufu. Hakuna kengele inayolia usipoiweka mwenyewe, kwa hiyo weka barua pepe yako kwenye mstari wa MAILADDR katika mdadm.conf, faili la mipangilio ya mdadm. Ukiandika `cat /proc/mdstat`, safu nzima ya diski nne huonekana [UUUU]. Yenye pengo huonekana [UU_U]. Ule mstari wa chini (_) usipouona katikati ya U, utalala ukidhani mambo ni shwari.

Kujenga upya ndiyo saa ya hatari. Diski ya TB 8 ikiandikwa kwa MB 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 15, na kwenye RAID 5 diski zote zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo sekta mbovu (sehemu ndogo ya diski isiyosomeka) iliyojificha miezi mingi inapojitokeza, na pariti ya kuifidia haipo tena. Kwa diski kubwa hivi mimi sishauri RAID 5 kabisa. Chagua 6 au 10. Na fanya ukaguzi kila mwezi, sekta mbovu zipatikane pariti ikiwa bado ipo (md0 ni jina la safu):

`echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`

Kosa jingine ni diski nzima kabisa kutupwa nje ya safu. Diski za kompyuta za mezani zinaweza kuhangaika na sekta moja kwa zaidi ya dakika, ilhali Linux husubiri sekunde 30 tu. Kama diski inakubali, `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb` huiwekea kikomo cha sekunde 7. Diski nyingi husahau agizo hilo zikizimwa, kwa hiyo liwekwe kwenye skripti ya kuwasha mashine.

Umeme nao: ukikatika data imeshaandikwa lakini pariti bado, viwili hivyo havilingani tena, na kosa hilo linaweza kukaa kimya hadi siku ya kujenga upya. Weka UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), au kontrola (kadi inayosimamia diski) yenye betri.

RAID si bakapu. Faili ukilifuta, linafutika kwenye diski zote papo hapo.

Kabla ya kuchomoa diski, soma namba yake ya utambulisho (serial number) kwa `smartctl -i`, uilinganishe na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Majina kama sdb na sdc yanaweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa, na ukichomoa iliyo nzima kwenye RAID 5 yenye upungufu, safu inasimama hapo hapo.