ORS sio ya watoto peke yao jamani

Masika ikianza hapa Dar, mitaro ikijaa na vyoo vikifurika, mtaani kwetu habari inakuwa ni matumbo tu, huyu anaharisha yule anatapika. Ukienda kumpa mtu pole unakuta pembeni ya kitanda kuna soda, kuna glukosi ya kopo, kuna dumu la maji, ORS, ile pakiti ya chumvi na glukosi ya kuchanganya na maji ukiharisha, hamna. Ukiuliza unajibiwa "si ya watoto hiyo?" na mtu mzima kalala anasubiri dripu.

Yani hii inanikera. Ukiharisha hayaendi maji peke yake, zinaenda na chumvi za mwili, sodiamu na potasiamu hasa, ndo maana misuli inakaza na mtu analegea kabisa. Sasa ukifidia kwa maji matupu lita kwa lita unazidi kuizimua ile sodiamu iliyobaki kwenye damu, ikishuka sana mtu anaanza hata kuchanganyikiwa. Soda nayo sukari imezidi, ikifika kwenye utumbo inavuta maji ya mwili yaingie humo, so unaharisha tena. Dafu silikatai, tamu na lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ndogo, kwa kipindupindu halitoshi.

Ujanja wa ORS uko kwenye vipimo. Utumbo mdogo unapokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, zikiingia maji yanafuata, na uzuri ni kwamba hata kipindupindu hakiharibu hiyo njia. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh, wakimbizi walijazana Bongaon kule India, kipindupindu kikaingia na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua watu wanyweshwe mchanganyiko wa chumvi na glukosi, na ndugu zao wenyewe ndo wakawa wananywesha. Vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Halafu wewe unaidharau pakiti ya dukani!

Ila soma pakiti, nyingi ni za lita moja. Hapa ndo watu wanaharibu, anachukua ile chupa ya maji ya lita moja na nusu anajaza mpaka shingoni anamwaga pakiti moja, hapo imekuwa nyepesi mno. Mwingine anatia kwenye glasi moja, hiyo ni kali na kwa mtoto ni hatari. Chukua chupa mbili za nusu lita, imeisha hiyo. Pakiti hamna? Maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, onja, isizidi chumvi ya machozi. Ikipita saa 24 mwaga.

Anayetapika msubiri kama dakika kumi afu mpe kijiko kimoja kimoja taratibu, usimpe glasi aigugumie yote itarudi. Mtoto chini ya miaka miwili mpe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, ziwa aendelee nalo, na uliza vidonge vya zinki. Mkimwona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hakojoi, au hata kunywa hawezi, hapo achana na vijiko kimbia hospitali, dripu ina wakati wake na ndo huo.

Mama yangu mkubwa ana presha, ye alikataa kabisa ORS kwa sababu kliniki walimwambia apunguze chumvi. Nesi wa zahanati akamweleza, "mama, hiyo chumvi unayoogopa ndo inatoka hapo chooni, kunywa." Akamuuliza na vidonge anavyotumia, maana vile vya kukojoza ukiwa unaharisha vinazidi kukukausha, akampeleka kwa daktari aamue kama avisimamishe kwanza. Wenye shida ya figo au moyo nao hivyohivyo, wapangiwe kiasi hukohuko, wasijipimie nyumbani.